Bi. Tak Ok-hui, Mwalimu wa Wenye Viwanda Waliokwenda Vietnam

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu, majirani, na ninyi wanafunzi wake mliojaa mpaka kwenye ngazi, familia za Seo na Tak zinawashukuru kwa kuja, na sasa tunawaomba mtulie msikie maisha ya mama yetu, dada yetu na bibi yetu, Tak Ok-hui.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Yeongcheon, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Tak Gi-bong, mkulima wa vitunguu saumu, na Bi. Ma Sun-nam. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Yeongcheon kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, akamaliza shule ya kati ya wasichana mwaka 1967, na kwa kuwa karo iliyobaki ilikuwa ya kaka zake, Aprili mwaka huo alipanda basi kuja hapa mjini Daegu, akaajiriwa katika kiwanda cha vitambaa, akawa anasimama mtamboni mchana na kuhudhuria masomo ya jioni, mpaka akapata cheti cha sekondari Februari 1972. Mwaka 1974 alihamishiwa ofisi ya mauzo ya nje, kwa sababu msimamizi aligundua kwamba alikumbuka kila barua iliyoingia na nani aliyeiandika, na humo alijifunza Kijapani na Kiingereza kwa kunakili barua za wateja.

Tarehe 8 Oktoba 1977 alifunga ndoa katika kanisa hili na Bw. Seo Byeong-man, fundi wa mitambo ya kufuma, wakajaliwa watoto wawili, Mi-ran mwaka 1979 na Jae-uk mwaka 1982. Walitaniana kwa miaka arobaini na sita, na baba hakuchoka kuwaambia wageni, "Huyu mama anajua kuomba samahani kwa lugha nne, ila humu ndani sijasikia hata moja."

Mei 1993 kampuni ilimtuma Vietnam, pembeni mwa Jiji la Ho Chi Minh, kusaidia kufungua kiwanda cha soksi, na aliondoka akiwa na fahari kubwa, maana hakuna mwanamke wa ofisi yao aliyewahi kupewa kazi ya namna hiyo. Lakini Januari 1995, mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, sikukuu kubwa kuliko zote huko, ulipokaribia, wakubwa wake waliwaamuru wafanyakazi warudi kazini siku ya tatu ya sikukuu ili mzigo uwahi meli, na siku hiyo ilipofika viti vyote mia tatu na arobaini vilikuwa vitupu. Bi. Tak alisafiri hadi Long An, nyumbani kwa Bi. Lieu, kiongozi wa zamu, akakaribishwa chai, kisha akaambiwa kwa upole, "Dada, miaka miwili mnahesabu soksi zetu, hamkosei hata moja. Haya, nitajie majina ya wanawake watano wa zamu yangu." Alimtaja Lieu mwenyewe, akakwama hapo. Kiwanda kilifungwa Juni mwaka huo, naye alirudi Daegu akiwa na aibu ambayo hakuificha maisha yake yote, kwani ndiyo aliyoanza nayo kila somo la kwanza.

Darasa lake lilifunguliwa tarehe 2 Machi 1998, katika chumba kilicho juu ya duka la nyuzi soko la Seomun, kwa ajili ya wenye viwanda vidogo waliotaka kuwekeza Vietnam. Alifundisha sheria za ardhi, kodi, vibali na forodha, lakini hakumpa mtu cheti kabla hajajifunza kutamka majina thelathini ya Kivietinamu bila kukosea namna sauti inavyopanda na kushuka, na wengi walinung'unika. Mwaka 2004 Bw. Ban Du-sik, mwenye kiwanda cha taulo, alisimama darasani akasema, "Mwalimu, mimi nimekuja kujifunza biashara, sikuja kuimba kwaya! Kiwanja nimeshakipata Binh Duong, wiki ijayo natia sahihi." Marehemu alimjibu, "Tia. Ila kabla ya hapo utaninunulia chakula, na mahali nitachagua mimi."

Walikwenda Binh Duong wote wawili, na alichokichagua kilikuwa kibanda cha supu ya tambi kando ya kiwanja chenyewe, akamuuliza mama muuzaji jina lake, akamsifia mchuzi, kisha akamuuliza kama mwezi wa tisa huwa anauzia hapo hapo. Yule mama alicheka mpaka akashika meza. "Mwezi wa tisa? Hapa? Maji hujaa mpaka kiunoni, labda niwauzie samaki!" Bw. Ban, aliyekuwa amekwisha kuuza nyumba ya baba yake kwa ajili ya kiwanja hicho, alimgeukia marehemu akasema, "Mwalimu, huyu mama anaitwa nani? Nifundishe kulitamka jina lake." Aliwekeza kwingine humo humo Binh Duong, palipoinuka, na leo yupo hapa pamoja na wafumaji wake kumi na wawili waliosafiri kutoka Binh Duong. Kwa miaka ishirini na mitano darasa lile lilitoa wanafunzi mia sita na kumi na wanne, wapo waliofanikiwa sana na wapo waliorudi mikono mitupu, na hao wa pili ndio aliowapigia simu mara nyingi zaidi.

Julai 2021 aligundulika kuwa na maradhi ya moyo, akapunguza vipindi lakini hakuacha, na baba alimpandisha ngazi za darasa kila Jumanne akilalamika mwanzo mpaka mwisho. Alilazwa tarehe 19 Oktoba 2023, na tarehe 2 Novemba, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, akiwa na miaka 72, alifariki mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta uji kila asubuhi, wafanyabiashara wa Seomun waliofunga maduka leo, na walimu wenzake. Mi-ran anawaarifu wanafunzi wa muhula huu kwamba Jumanne kipindi kipo, atafundisha yeye, saa nne kamili, na anayechelewa atabaki nje kama kawaida.

Mama, kazi umeifanya, nasi tumeridhika nawe. Pumzika sasa, pumzika kwa amani.