Mzee Settimio Paolacci na Kikombe cha Kaburi la Kumi na Nne

Marehemu Settimio Paolacci alizaliwa hapa kijijini Corchiano tarehe 9 Februari 1938, mtoto wa saba wa Mzee Nazzareno na Bi. Assunta. Shule aliishia darasa la tano, kwa kuwa baba yake, kibarua wa wanaakiolojia waliofukua mji wa kale wa Wafaliski, watu walioishi hapa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, alihitaji msaidizi. Hapo alijifunza mwiko na brashi, na desturi moja ya wachimbaji wetu: kabla ya kufukia shimo, chini huwekwa sarafu ya mwaka ule, ili atakayechimba baadaye ajue kwamba watu walishafika.

Mwaka 1961 alifanya kosa ambalo mwenyewe ameagiza lisomwe leo mbele yenu. Alipokuwa akilima shamba la mizeituni la baba yake, jembe lilitumbukia kwenye kaburi la Kifaliski, la mtoto mdogo. Alichukua kikombe cheusi, kimoja tu, akafukia, akaenda nacho kumposa Bi. Ersilia Mancinelli.

"Umekitoa wapi?" Bi. Ersilia alimuuliza.

"Shambani."

"Kwenu siku hizi mnavuna vikombe? Hicho ni cha mtoto wa watu, Settimio. Kirudishe."

Hakukirudisha. Bi. Ersilia alimpenda hivyo hivyo, wakafunga ndoa tarehe 20 Mei 1962, lakini kikombe kile hakuwahi kukigusa, hata kukifuta vumbi.

Kuanzia 1974 hadi alipostaafu mwaka 1998 alikuwa msimamizi wa vibarua wa Profesa Loredana Ricciutelli. Mikono yake ilikuwa myepesi, ila mwanafunzi aliyekanyaga ukingo wa shimo alikiona cha moto. Mwaka 1983 uchimbaji ulifika shambani kwao. Kaburi la kumi na nne lilipofunguliwa, kulikuwa na kisahani cheusi kisicho na kikombe. Profesa aliandika daftarini kwamba mwizi alishapita. Settimio, aliyepiga magoti pembeni yake, alinyamaza, akihofia kazi yake na heshima yake. Jambo hilo lilimtafuna kuliko tulivyojua.

Bi. Ersilia alitangulia mwaka 2015. Novemba mwaka jana Mzee aliugua mapafu, na mwezi Machi alimwita Profesa, ambaye sasa anatembelea mkongojo, akamkabidhi kikombe kikiwa kimefungwa kwenye taulo la jikoni.

"Profesa, yule mwizi ni mimi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Chini ya kisahani kulikuwa na sarafu ya lira hamsini ya mwaka 1961. Mwizi gani huacha sarafu ya mwaka, kama si mtoto wa Nazzareno?"

"Na ukanyamaza miaka arobaini?"

"Nilikuwa nakusubiri, mzee wangu. Umechelewa kweli."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, kisha akalia, na tangu siku hiyo alilala vizuri. Alifariki nyumbani tarehe 11 Aprili 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha binti, Domitilla, mkwe, Fausto, na wajukuu wawili. Kikombe kimerudi juu ya kisahani chake. Leo, kabla hatujafukia, Domitilla ataweka chini sarafu ya mwaka huu, kama alivyofundishwa na baba yake, ili atakayechimba baadaye ajue kwamba tulifika hapa, na kwamba tulimpenda.

Alale kwa amani, mikono mitupu na moyo mweupe.