Bluma Wolpert na Jumapili ya Ziwa Tamblin

Marehemu aliagiza kwamba maneno haya yasizidi kurasa mbili, kwa sababu kwenye mazishi ya wengine yeye mwenyewe alikuwa akitazama saa. Tutajitahidi, ila hatuahidi.

Bluma Garber Wolpert alizaliwa Jumapili tarehe 9 Februari 1941 hapa Fort Ellery, wilaya ya Aroostook, jimbo la Maine, theluji ikiwa imefika madirishani. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Nachum Garber, mnunuzi wa viazi, na mkewe Fruma. Miaka mitano baadaye alizaliwa mdogo wake Mendel, ndiye anayewasomea haya. Wakati huo Wayahudi wa wilaya nzima walikuwa familia thelathini na kitu, zimetawanyika kila moja na mji wake. Mtoto angeweza kumaliza mwaka bila kumwona Myahudi mwenzake ambaye si ndugu yake. Siku ya kuwaona ilikuwa moja tu, Jumapili ya kiangazi kando ya Ziwa Tamblin, kila nyumba ikija na chungu chake. Tangu utotoni Bluma aliishi kwa ajili ya siku hiyo, na tangu alipokuwa mtu mzima alitaka kitu kimoja kuliko vyote: isikatike.

Alisoma Fort Ellery, ambako shule zilifungwa majuma matatu kila vuli ili watoto wakavune viazi. Alikuwa mvunaji mzembe, maana alizungumza mno. Mwaka 1958 alijiunga na chuo cha ualimu cha Gorham, akahitimu 1962, akarudi kufundisha darasa la nne hapa hapa kwa miaka thelathini na tisa. Nusu ya mji huu imepita mikononi mwake, na nusu hiyo inajua kwamba kazi chafu ilirudishwa bila hata alama nyekundu, kwa neno moja tu: "Tena."

Tarehe 16 Juni 1963 alifunga ndoa na Sumner Wolpert, mwenye duka la viatu. Walikutana ziwani, wapi tena? Sumner alisimulia kwamba alichumbia kwa mwaka mzima, Bluma akasema alikuwa bado anamlinganisha na wengine. Walijaliwa watoto wawili, Deena na Hillel, wakaishi pamoja hadi Sumner alipofariki mwaka 2011.

Sasa tufike mwaka 1968, maana bila huo hamtamwelewa.

Mwaka huo Bluma, akiwa na miaka ishirini na saba, alichaguliwa mwenyekiti wa mkutano wa ziwani. Ilibidi tarehe ikwepe mfungo wa tisa Av, tarehe tisa ya mwezi wa Av katika kalenda yetu ya Kiyahudi, siku tunayoomboleza Hekalu lililobomolewa, hatuli wala hatunywi. Akatazama kalenda, akaona tarehe tisa ya Av inaangukia Jumamosi, tarehe 3 Agosti. Akafurahi. Alimwambia Sumner, "Jumamosi watafunga, Jumapili watakuja na njaa. Hakuna chakula kitakachobaki." Kadi zikapigwa chapa: Jumapili tarehe 4. Zikaenda hadi ng'ambo ya mpaka, New Brunswick.

Ijumaa tarehe 2, zikiwa zimebaki saa mbili Sabato iingie jioni, Mzee Tuvia Rudnick aligonga mlango. Mzee Tuvia ndiye aliyeongoza sala pale sinagogi, mtu wa maneno machache na yote makali.

"Binti Garber," alisema, "Sabato tunafunga kula?"

"Hatufungi, Mzee. Sabato ni siku ya furaha."

"Sawa. Sasa tisa Av ikiangukia Sabato, mfungo unakwenda wapi?"

Bluma akakaa kwenye ngazi. Mfungo unasogezwa siku moja mbele. Alikuwa amewaalika watu mia na thelathini waje kula siku ya kufunga.

Muda wa kuwapigia simu wote haukuwepo, na wengine walishaanza safari. Vijana wa kamati walikimbilia jikoni kwake na suluhisho lao: watu wale, basi. Aliyelisema kwa sauti kubwa zaidi alikuwa Mendel, mwanafunzi wa chuo aliyerudi likizo na maarifa mengi kuliko umri. "Dada, nani anafunga siku hizi?"

Mzee Tuvia alikuwa bado mlangoni. "Mkila, mimi na wenzangu hamtatuona tena ziwani. Si mwaka huu, si mwaka mwingine."

Wazee walikuwa nusu ya mkutano. Kila aliyekuwa jikoni alijua kwamba wakiondoka, umekwisha. Bluma hakulia. Alimwangalia mdogo wake, akamwangalia mzee, akasema, "Hakuna atakayekula, na hakuna atakayebaki nyumbani. Wote mnakuja."

Ndivyo ilivyokuwa. Jumapili mchana magari yakaanza kufika, watu wakashuka na vyungu, na mwenyekiti akiwa getini hawaamkii, kwa sababu siku hiyo haturuhusiwi hata kusalimiana. Aliwainamishia kichwa tu, akawaonyesha pa kuweka chakula na pa kukaa. Viatu vya ngozi navyo havivaliwi kwenye mfungo, kwa hiyo Sumner alikuwa amepakia raba za turubai kutoka dukani, akawa anawavisha wageni mmoja mmoja kama watoto wa chekechea. Wengine walinuna. Mama mmoja kutoka Houlton alisema kwa sauti kwamba ameendesha gari saa nzima ili aje kushinda njaa. Lakini alikaa. Mzee Tuvia akasoma Maombolezo, na alipochoka akasoma mwingine, wazee na vijana wakipokezana nyasini, na waliokuwa hawajawahi kukisikia kitabu kile siku hiyo walikisikia chote.

Jua lilipozama, Isser Plotkin wa New Brunswick alinyanyua mkono wenye saa. Kwao saa iko mbele kwa saa moja. "Jamani, kwangu ni saa tatu na robo. Mfungo umekwisha zamani."

"Saa ya kwenu ikae kwenu," Bluma alimjibu. "Hapa tunangoja nyota."

Nyota tatu zilipoonekana, watu walikula kama wavunaji. Mzee Tuvia alichukua sahani ya kwanza, lakini hakula. Alimpelekea Mendel. "Haya, Bwana Nani-Anafunga-Siku-Hizi. Kula." Alimwita jina hilo hadi alipokufa, na wapo hapa wanaomwita hivyo mpaka leo.

Tangu mwaka uliofuata mkutano ulisogezwa hadi Jumapili ya kwanza baada ya mfungo, na Bluma hakutoka tena kwenye kiti. Alileta wapiga fidla kutoka Bangor, jioni za hadithi za Kiyidi, lugha ya wazee wetu, filamu kwenye ukumbi wa shule, na mwaka 1986 maonyesho ya picha za babu zetu wachuuzi, ambayo wakulima wa viazi walikuja kuyatazama wengi kuliko sisi wenyewe. Watoto wetu walikwenda mijini, hawakurudi. Mwaka 2009 sinagogi lilifungwa. Wakati wa kuhesabu sahani Bluma alihesabu watu kwa desturi ya mama yetu, ili jicho baya lisiwaone: si mmoja, si wawili, si watatu. Mwaka 2019 aliishia kwenye si kumi na tisa. "Kuna nafasi ya kutosha kunyoosha miguu," alisema, akaagiza samaki wa watu hamsini.

Moyo wake ulianza kuchoka Novemba mwaka jana. Alilazwa Bangor mara mbili, na mara ya pili akaomba arudishwe nyumbani. Alifariki kitandani mwake Alhamisi tarehe 8 Agosti 2024, sawa na tarehe 4 Av 5784, saa kumi na moja alfajiri, Deena akiwa amemshika mkono.

Ameacha watoto wake Deena na Hillel, wajukuu Shira, Ezra na Tamar, kitukuu mmoja, na mdogo wake Mendel.

Kuhusu Mendel huyo kuna jambo moja. Tangu Sumner afariki, Bluma alimwomba kila mwaka aupokee mkutano. Mendel alisema ana kazi Boston. Alipostaafu akasema ana mgongo. "Mgongo ulianza lini, Mendy," dada yake alimuuliza, "kabla sijakuomba au baada?" Majuma mawili yaliyopita Mendel alikaa kando ya kitanda cha dada yake siku tatu, akingoja aombwe tena. Safari hii Bluma hakumwomba. Alizungumza habari za samaki, akauliza barabara ikoje, akalala. Mendel akarudi Boston bila kusema neno, na aibu hiyo ni yake.

Tangu Alhamisi simu ya Deena haijapumzika: mkutano umeahirishwa? Mwaka huu upo? Matanga yanakwisha Jumamosi asubuhi. Jumapili tarehe 18, saa nne, njooni Ziwa Tamblin, kila nyumba na chungu chake. Sisi wafiwa muziki haturuhusiwi, tutakuwa jikoni. Mwenyekiti ni mimi. Ndiyo, dada. Nimechelewa, lakini ndiyo.

Lala salama, Bluma, na kumbukumbu yako iwe baraka kwetu.