Picha ya Bibi Nizigama Ipigwe Upya

Mgeni rasmi, mama yetu Regina, unayesimamia kazi ya kutafuta ndugu waliopotezana vitani, shikamoo. Ni sisi akina mama wa kikundi cha Turikumwe, wakimbizi kutoka Burundi. Karibu kambini. Vumbi la Kigoma limekupokea kabla yetu, utusamehe.

TULIKOTOKA

Mwaka 1993 tulivuka Mto Malagarasi kwa miguu. Aliyetangulia ni Bibi Nizigama, ambaye sasa ana miaka sitini na ushee, akivusha watoto tisa wa watu, mmoja mmoja, mgongoni. Maji yalimfika kifuani, na mara tisa aliyaingia. Tulishika midomo. Wa kwake mwenyewe, kitindamimba Armelle, walipotezana njiani. Hajaonekana tangu hapo.

MAFANIKIO

Watoto sitini na mmoja wa kambi hii wamepokewa na mikono yake walipozaliwa, na wote wako hai. Jamani, Mungu ana watu wake!

CHANGAMOTO

Mwezi uliopita mpiga picha wenu, kijana Oswald wa Dar es Salaam, alikuja kupiga picha za kubandikwa soko la Mwanga mjini na kambi nyingine, ili waliopotea watambue watu wao. Ni mpole, hatumsemi vibaya. Ila alishamchora bibi mkimbizi kichwani kabla hajafika.

Nizigama alivaa kitenge cha kanisani na urugori, taji la ubua wa mtama la mwanamke aliyezaa.

"Bibi, hayo majani yatoe," Oswald akasema. Akamketisha chini, akamfunika kanga iliyochanika, tunayodekia zahanati. "Na usicheke, bibi."

"Kwani nani kafa, mwanangu?"

Picha ilipobandikwa, Hatungimana, jirani yake kwa miaka ishirini, aliitazama akasikitika: "Hivi huyu mukecuru, kikongwe wa watu, katoka wapi?" Tulicheka, kisha tukaketi kuandika risala hii.

MAOMBI

Mgeni rasmi, leo hatuombi mablanketi. Tunaomba picha ile ibanduliwe, Bibi apigwe nyingine amesimama, anacheka, na taji lake. Ikiwa jirani hakumtambua, Armelle atamtambuaje? Tangu azaliwe, binti yule hajawahi kumwona mama yake ameinamisha kichwa.

Mwenyezi Mungu akutangulie kila njia, na kazi ya mikono yako ikutanishe wengi.

Ni sisi,
Akina mama wa Turikumwe