Muhuri wa Mtawanya

Pale Mtawanya, barabara ya vumbi itokayo mashambani inapokutana na ile iendayo mjini Mtwara, pana ubao uliotandazwa juu ya mawe mawili, na hakuna jambo la nchi hii ambalo halijawahi kuamuliwa juu ya ubao ule. Kila asubuhi Isihaka hutua hapo birika lake la kahawa na jiko la makaa, akagonganisha vikombe, na wenye kijiwe wakaitika wito. Wenye kijiwe ni watatu. Rashidi huitwa Redio, kwa kuwa ameisikiliza redio yake ya betri nne mpaka naye anaongea kama taarifa ya habari. Mikaeli huitwa Sajini. Alikwenda vitani Bama kupigana na Wajapani, akarudi na ukoplo, usajini alipandishwa na kijiwe. Wa tatu ni Thabiti, balozi wa nyumba kumi, mtu wa kanzu safi na maneno mengi. Lakini asubuhi hiyo, Alhamisi ya juma la Saba Saba, mwaka sabini na tano, Thabiti alikuwa ameshika kikombe na kimya chake.

—Kamati ya mbio inakaa leo saa nne, alisema Redio. Inasemekana yule bwana wa Mpapura ananyang'anywa ushindi.

—Nani kasema?

—Duru za kuaminika.

—Duru gani?

—Shemeji yangu anafagia pale ofisini.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Siku ya Saba Saba palikuwa na mbio: wanaume ishirini na watatu waliachiwa Mpapura alfajiri, wakimbie kwa njia za mashambani, wapande vilima, washuke mabondeni, wakanyage mchanga, maili thelathini na mbili mpaka uwanjani mjini. Njiani paliwekwa vituo sita, kila kituo na meza, na balozi wa kugonga muhuri kwenye kadi ya mkimbiaji. Aliyefika wa kwanza alikuwa Issa Chitanda, mkulima wa miaka arobaini, pekupeku. Kadi yake ilikuwa na mihuri mitano. Kijana wa mjini aliyefika wa pili, mcheza mpira, alikuwa nayo yote sita. Uliokosekana kwa Issa ni wa Mtawanya, kituo cha mwisho, na watu wakaanza kusema alidandia lori la muhogo.

Meza ya Mtawanya ilikuwa hatua ishirini kutoka kwenye ubao huu. Mwenye muhuri alikuwa Thabiti. Kamati ilipomwuliza alijibu kwamba hakumwona Issa Chitanda akipita, na hilo lilikuwa kweli tupu. Ambalo hakulisema ni kwamba alikuwa ameiacha meza, amekuja kunywa kikombe kimoja, na kikombe kimoja cha Thabiti kila mtu anakijua urefu wake.

Redio, Sajini na Isihaka walilijua hilo vizuri, kwa sababu walikaa naye. Hakuna aliyewaambia wafiche. Ila rafiki hamchomi rafiki, basi ikabidi itafutwe sababu nyingine, na tangu Jumatatu walikuwa wakiitafuta kila mahali isipokuwa pale walipokaa.

—Wanasema njia ya mwongo ni fupi, alianza Sajini.

—Hiyo inamtetea, alidaka Redio. Maili thelathini na mbili ni fupi? Kama njia ya mwongo ni fupi, basi yule ni mkweli kupita kiasi.

—Mimi nilikwenda uwanjani alasiri nikamwona, alisema Sajini. Kucha mbili zimeng'oka. Magoti yamevimba. Unajua alikuwa anafanya nini? Amekaa chini anamngoja wa mwisho afike. Wengine wote wameshakula pilau, yeye anamngoja mtu wa mwisho!

—Na hiyo miguu aliyokimbilia haikuwa mizima, alisema Redio, akishusha sauti kama mtu anayesoma taarifa ya msiba. Tangu wahamishiwe kijijini, mikorosho yake imebaki kule kwao kwa zamani. Maili tisa. Asubuhi yuko shamba la kijiji na wenzake. Adhuhuri anatoka, maili tisa kwenda, anafyeka chini ya mikorosho, maili tisa kurudi. Kila siku ya Mungu! Hata Jumapili, kesho yake mbio, alikwenda.

—Hakupumzika?

—Mikorosho inaanza kutoa maua. Nani atamfyekea?

—Ndiyo maana anaililia ile baiskeli ya zawadi, alisema Isihaka.

Thabiti alishusha kikombe. Habari ya maili tisa hakuwa ameisikia. Siku zote tatu alikuwa akijiambia kwamba ni baiskeli tu, kijana wa mjini ataipanda, Mpapura watasahau, na yeye atabaki na ubalozi wake na kanzu yake. Sasa akaiona ile njia ya mikoroshoni, akamwona mtu akirudi nayo jioni. Alikunywa tena ili uso wake usionekane.

—Kuchoka si hoja, alisema Sajini. Miguu iliyochoka ndiyo miguu. Iliyopumzika haijui kitu. Bama tulitembea siku kumi na moja. Siku ya nne miguu ikalalamika. Siku ya tano ikaona hakuna anayeisikiliza, ikanyamaza. Tukaendelea tumelala.

—Mmelala!

—Fofofo! Mtu anakoroma, bunduki begani, anatembea. Nangu, mimi Mikaeli, niliota niko Nanyamba nakula ugali wa muhogo kwa kisamvu, naamka niko maili sita mbele. Yule bwana alipofika Mtawanya alikuwa usingizini. Mtu aliyelala hapigi kishindo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, ndiyo maana hatukumsikia.

—Sajini, methali hiyo inasema mshindo upo.

—Wewe uliusikia?

—Sikuusikia.

—Basi.

Isihaka alijaza vikombe. Alikuwa mtu wa mdomoni mwa Ruvuma, kule mikokoni, na hakupenda Bama ipate sifa zote.

—Mama yake Issa ni mtu wa kwetu, alisema. Kwetu mtoto akichelewa kutembea anasimikwa kwenye tope mpaka magotini, maji yakishakupwa. Analia wee, hachukuliwi. Mpaka ajing'oe mwenyewe. Akishaujua mguu kuung'oa topeni, nchi kavu kwake ni zulia. Miguu ikichoka inakumbuka tope, inajing'oa yenyewe, mwenyewe hana habari.

—Wewe ulisimikwa?

—Nilisimikwa.

—Mbona hukimbii?

—Mimi sijachoka bado.

Walicheka. Thabiti naye alicheka, lakini kicheko chake kilichelewa, Sajini akamtazama kidogo kisha akatazama pembeni.

—Haya, na kuonekana? alisema Redio. Njia ni hii hapa. Mimi naona mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alitaka ushindi, akainama. Alipita chini ya mikorosho ile pale, ameinama kama kima, ndiyo maana hakuonekana.

—Ameinama maili thelathini na mbili?

—Hapa tu.

—Kwa nini ainame hapa tu?

—Huo ni utafiti mwingine. Lakini ninayo sababu kubwa zaidi. Sogeeni. Mwaka jana mwezi wa nane kijiji chao kilikuwa wapi?

—Kule kwao.

—Kikaja kikang'olewa! Lori mbili, siku mbili, hakuna nyumba. Mtu kalala kijiji hiki, kaamkia kingine. Sasa kama kijiji kizima kinahamishika, ni nani ataniapia kwamba Jumatatu asubuhi, kwa saa moja tu, Mtawanya ilikuwapo hapa?

Kijiwe kilipigwa na butwaa.

—Sisi tulikuwa tumekaa wapi? aliuliza Isihaka.

—Hapa.

—Hapa wapi?

—Ndipo ninapouliza na mimi!

Sajini alikohoa. —Redio, maneno hayo yanataka hadhari. Balozi yupo.

Siku nyingine Thabiti angekwisha kumpa Redio somo la nusu saa juu ya siasa ya vijiji na wajibu wa wananchi. Safari hii alitikisa kichwa tu. Aliwapenda wazee hawa. Walikuwa tayari kuihamisha kata nzima ili asiaibike mtu mmoja, na yeye aliwaachia wafanye hivyo.

Hapo ndipo alipokuja mwanamke mmoja kutoka upande wa mjini, kanga mbili, miguu imejaa vumbi. Alisimama mbele ya ubao akapiga goti kidogo.

—Shikamooni.

—Marahaba, mama, waliitika. Karibu kahawa.

—Ahsanteni. Naitwa Somoe. Mimi ni mke wa Issa Chitanda, wa Mpapura. Jana nililala mjini kwa shangazi yangu.

Vikombe vyote vilishuka. Redio ndiye aliyewahi kupata ulimi.

—Mama, mumeo ni dume! Sisi hapa tangu Jumatatu hatuna habari nyingine. Tunamsifu usiku na mchana!

—Nimesikia mkimsifu. Mungu awalipe.

—Yuko wapi mwenyewe? Anajiandaa kwa kamati?

—Yuko mikoroshoni. Alisema kamati itaamua bila yeye, lakini magugu hayatajifyeka. Nimekuja mimi.

Alifungua pindo la kanga akatoa kadi iliyokunjwa, laini kwa jasho. Mihuri mitano, na mahali pa wa sita peupe.

—Mume wangu si mtu wa maneno mengi, alisema Somoe. Lakini hili amenieleza mara moja, na hasemi uongo. Anasema alifika hapa peke yake. Akaikuta meza, muhuri upo, wino upo, mtu hayupo. Nikamwuliza, sasa mbona hukugonga mwenyewe ukaenda zako? Akaniambia, muhuri si wangu.

Sajini aliondoa kofia kichwani bila kujua kwa nini.

—Akaona wazee wamekaa kwenye kahawa, wameipa njia mgongo. Akasogea. Alikuwa hajasimama tangu alfajiri, na miguu ile akiisimamisha inataka kukataa. Lakini akasimama. Akasema, Shikamooni wazee. Akaitikiwa, na mzee mmoja akanyoosha mkono juu, hivi, kama anayesema ngoja. Basi akangoja. Walikuwa na mazungumzo yao, akaona si adabu kuwakata kauli. Alingoja mpaka mapaja yakaanza kumtetemeka, akajua akizidi hapo hatainua mguu tena. Akawaaga, akaenda.

—Hayo aliwaambia kamati? aliuliza Isihaka, taratibu.

—Aliwaambia. Wakamjibu balozi amesema hakuona mtu. Ni neno la balozi na neno lake. Mimi sikuja kugombana na mtu, wazee wangu. Nina swali moja tu. Siku ile aliposema shikamooni, nani aliyemwitikia marahaba?

Redio, mwenye jibu kwa kila kitu tangu Uhuru, alitazama makaa. Sajini alikuwa akiikunja kofia yake. Isihaka aliinua birika akajifanya analitikisa, na halikuwa na kitu.

Thabiti alikumbuka. Ilimjia yote kwa pamoja: sauti nyuma yake, sauti iliyokwisha pumzi, na yeye akinyoosha mkono bila kugeuka, marahaba, marahaba, kwa sababu alikuwa katikati ya hoja. Na hoja yenyewe aliikumbuka pia. Redio alikuwa akishikilia kwamba mbio hizo atazishinda kijana wa mjini. Yeye, Thabiti, alikuwa akiapa kwa jina la Mungu kwamba mshindi atatoka Mpapura, mtu wa shamba, mtaona tu atakavyotokea pale njiani. Aliapa mara tatu. Na muda wote huo mshindi alikuwa amesimama nyuma ya mgongo wake, miguu ikimtetemeka, akingoja kwa adabu amalize kumsifu.

Aibu ilimpanda kutoka kwenye nyayo. Katika miaka yake hamsini na nane hakuwahi kuona aibu kama hiyo.

—Mimi, alisema.

—Wewe ni nani, baba?

—Mimi ndiye balozi. Nilimwitikia, sikugeuka. Na muhuri ulikuwa wangu.

Somoe alimtazama usoni. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana mtu aliyetua mzigo na bado hajaamini kwamba ameutua.

—Balozi, alinong'ona Redio, ukiyasema hayo kule watakuvua.

—Na wanivue.

Alisimama, akajifunga vizuri saa yake ya mkononi. Ilikuwa saa tatu na robo. Kutoka Mtawanya hadi ofisi ya kamati ni mwendo wa saa nzima kwa mtu wa umri wake, na siku hiyo hakupita gari.

—Twende, binti yangu. Tutembee upesi.

—Baba, alisema Somoe, kabla hatujaenda. Mlikuwa mnazungumza jambo gani kubwa hivyo, hata msigeuke?

Thabiti alifungua mdomo. Alimtazama Redio, Redio akamtazama Sajini.

Somoe hakuwasumbua zaidi. Alikunja kadi akaifunga pindoni, akatangulia. Thabiti alimfuata kwa hatua ndefu, kanzu ameishika kwa mkono mmoja. Hakuwa amefika mbali aliposikia miguu nyuma yake. Ni Sajini, kisha Redio, kisha Isihaka aliyeliacha birika na jiko palepale ubaoni, kwa maana kila mmoja wao alikuwa amekumbuka kwamba marahaba ile waliitikia wote.