Moshi wa Jiko la Lugembe

Aliyesimulia habari hizi kwanza ni Lugembe mwenyewe, Jumatatu ya Pasaka ya mwaka 1959, mbele ya mkewe, aliyemsahihisha mara mbili. Zilitokea miaka kumi kabla ya hapo, mwezi wa Agosti, kwenye benchi la kahawa la Mabruki, mbele ya duka la Laxmidas, mjini Tabora. Mzungu mmoja aliyekuwa akirejea kwao alinadi vyombo vyake, na Lugembe, mfanyakazi wa reli, akanunua jiko la chuma la kuni pamoja na bomba lake la moshi. Wiki ya tatu sasa, kila likiwashwa, moshi ulirudi kwa mlango wa jiko ukajaa nyumba nzima. Mkewe, Veneranda, alikuwa akikohoa hata kanisani. Asubuhi hiyo alifunga mzigo wake. Kaka yake Anton angemfuata kwa baiskeli kutoka Kipalapala, na kama jiko lingekuwa halijapona, angerudi kwao. Lugembe akaenda benchini, macho mekundu.

— Nisaidieni, jamani. Anton anakuja leo.

— Nilikwambia uliinue kwa matofali, akasema Ambrosi, aliyeitwa Injini kwa kuwa alichochea moto wa treni miaka tisa.

— Nimeliinua. Moshi nao umepanda.

— Matofali mangapi?

— Manne.

— Basi! Yanatakiwa sita.

Mabruki akammiminia Lugembe kahawa.

— Kuni gani, bwana?

— Mninga. Mkavu, ukiugonga unalia.

— Ndiyo kosa lenyewe. Jiko hilo limelelewa kwa kuni za Ulaya. Unalilisha mninga, linatema.

Alois, tarishi wa baraza, ambaye benchi zima lilimwita Hakimu, akainua kidole.

— Tuanze na shauri la msingi. Huyo Mzungu aliondoka kwa hiari yake?

— Kazi yake iliisha.

— Macho yake yalikuwaje?

Lugembe alijitahidi kukumbuka.

— Mekundu. Lakini alikuwa mwekundu uso mzima.

— Ushahidi huo! Alikuwa anaukimbia moshi, akakuuzia wewe.

— Acha uongo, Hakimu, akasema Injini. Halina maji, ndiyo maana. Injini bila maji haivuti. Litiwe tangi, na filimbi juu, moshi upate pa kupumulia.

— Kwa hiyo shemeji Veneranda asonge ugali huku akipiga filimbi? akauliza Hakimu. Treni ya Mwanza ikimjibu je?

Wakacheka. Lugembe hakucheka. Alikuja na ugonjwa mmoja, sasa alikuwa na manne, na hakujua aanze kutibu upi.

Mabruki akashusha sauti.

— Mimi sikutaka kusema. Lugembe, kiwanja chako kilikuwa kambi ya wapagazi. Misafara ya pembe ililala pale, watu mia tano, kila kundi na mafiga yake. Moshi ule wote uliingia ardhini. Sasa umepata bomba.

— Yaani moshi si wangu?

— Wako ni kidogo tu.

Hakimu alikuwa anauliza kama marehemu wanaweza kuitwa barazani, ndipo Anton akafika, akaegemeza baiskeli ukutani kwa Laxmidas.

— Shikamoo, shemeji, akasema Lugembe.

— Marahaba. Natoka kwako. Dada yuko tayari.

— Kaa unywe kahawa, bwana, akasema Injini. Dawa tumekaribia kuipata.

Anton hakukaa.

— Nimeizunguka nyumba mara mbili. Juu ya bati sioni bomba. Linatokea wapi?

Injini akamtazama Hakimu, Hakimu akamtazama Mabruki. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuliona jiko lile. Lilikuwa jikoni, na mwanamume haingii jiko la mke wa mwenziwe.

— Halitokei, akasema Lugembe. Linaishia darini.

— Darini kuna nini?

— Mbegu. Mahindi na mtama. Kwa mama, mbegu zilikaa juu ya moto mwaka mzima, fukusi hawakuzigusa. Ningetoboa bati, moshi wote ungepotea bure.

— Sawa. Ukishapita kwenye mbegu, unakwenda wapi?

Lugembe akakumbuka. Aliiona nyumba ya mama yake, paa la nyasi, moshi ukichuja polepole kila asubuhi. Akaliona bati lake jipya, na lami aliyoziba nayo kila tundu la msumari kwa mkono wake.

— Matofali sita, akasema Injini kwa sauti ndogo.

— Nipe mpaka jioni, shemeji.

— Dada yangu si mbegu, akasema Anton, akachukua baiskeli.

Veneranda alikaa Kipalapala siku kumi na tisa. Alirudi baada ya Anton kuja mwenyewe, akasimama barabarani, akaona moshi juu ya bati. Mahindi ya mwaka ule yaliliwa na fukusi.

Hadi habari hizi zinaandikwa, Mabruki, Injini na Hakimu wote wamefariki. Lugembe alizikwa mwaka 1974. Anton yu hai, ila haoni vizuri. Veneranda yu hai, na hakohoi.