Mama Murekatete na Cyansi ya Mikono Miwili

Wasikilizaji wapendwa, tuanze na aibu yangu. Jana nilitangaza hapa ku radio ya kama Mama Murekatete wa Masisi, mwenye tutamuzika kesho Walikale, alikuwaka muuzaji wa cyansi, vile vyombo vya mti vya kukamulia maziwa. Binti yake Igiraneza akanipigia: "Papa mutangazaji, mama hakuuza hata moja. Alikuwa anazisoma." Munisamehe. Kinywa yangu inakimbiaka mbele ya akili, hata bibi yangu anajua.

Alizisoma, njo kazi yake. Alifundisha sanaa ku institut, masomo ya sekondari, lakini sanaa yake haikulala mu kitabu. Wanafunzi wa infirmier, wenye kusomea uuguzi, aliwanusisha cyansi, wajue moshi yenye inazuia maziwa isiharibike. Wa agronomie, wenye kusomea kilimo, aliwauliza imechongwa na mti gani. Wakikosa, anawapeleka kwa Papa Nsengimana, mulimaji, mwenye kuichonga. Kisha kwa Mama Mukabaranga, mufugaji, mwenye kuikamulia. Narudilia: mulimaji anachonga, mufugaji anakamua. Chombo iko moja.

Ile njo ilimuletea shida.

Alitayarisha exposition, maonyesho ya cyansi, pale Masisi. Watu wa ng'ombe wakakuja: aandike jina yao peke yake ku cyansi. Kesho yake watu wa shamba wakakuja na neno ile ile. Aliwapa wote chai, akawaambia: "Mukitaka niandike nusu, munipasulie kwanza chombo nusu. Mutakunywia mu ipi?" Wamoja walicheka. Hakuna mwenye alirudi.

Siku yenyewe nilifika na mikro yangu. Sale ya maonyesho ilikuwa tupu, viti tu. Papa Nsengimana, ndugu zake walimukataza. Mama Mukabaranga, ndugu zake pia walimukataza. Basi Mama Murekatete akaeleza cyansi zote mbele ya viti, moja kwa moja, pole pole, sawa vile viti viko vinaandika.

Kisha vita. Akakimbilia Walikale, na kule tension, ile ugonjwa ya damu kupanda, ikamumaliza. Igiraneza anasema mama yake aliulizaka kila siku kama wale wawili, mwenye kuchonga na mwenye kukamua, wanasalimiana.

"Nilimudanganya," anasema. "Nilimuambia ndiyo."

Pole sana, Igiraneza, na jamaa yote. Na sisi tujiulize: maziwa tulikunywa wote, mbona kusikia nani alichonga ilitushinda?

Kesho asubuhi sanduku itatoka. Naomba watu wane wa kubeba: wafugaji wawili, walimaji wawili. Wane tu. Laini iko wazi. Mutupigie sasa.

...

Technicien wetu anatikisa kichwa: hakuna simu.

Tunangoja, wapendwa. Bado tunangoja.