Mwalimu Taratibu na Lugha ya Kwanza ya Kompyuta

Tunamsindikiza mdogo wangu, ambaye wanafunzi wake walimwita Mwalimu Taratibu. Alizaliwa tarehe 9 Juni 1983, kitindamimba wa mama yetu mshona nguo.

Marehemu alimaliza sekondari mwaka 2001, kisha akasomea kompyuta. Mwaka wa kwanza nusura aache. Alitujia amekonda, akasema ile mashine inamkataa.

Mwaka 2006 aliajiriwa na chuo kilicho juu ya duka la rangi, akapewa darasa la wanaoanza kuandika programu. Lilibaki lake hadi mwisho. Kilichomnyima raha ni kuona viti vinazidi kuwa vitupu. Wanafunzi walianzishwa na lugha ya kompyuta iitwayo Java, wakatishika, wakaondoka. Binti yangu alikuwa mmoja wao. Alijifungia chumbani, hakutaka hata kusikia neno kompyuta.

Ndipo marehemu akaja jikoni kwangu na kompyuta yake, apime kwangu lugha ipi haimtishi anayeanza, maana mimi niliishia darasa la saba.

"Dada, andika jina lako litokee hapo."

Kwa Java niliandika mistari nisiyoielewa, nikasahau nukta-mkato, yakatoka maneno mekundu ya kosa. Nikaficha mikono chini ya meza.

"Nimeiharibu?"

"Hujaharibu kitu. Umeogopa tu."

"Nani asiyeogopa? Inanifokea kama mama mwenye nyumba!"

Alicheka mpaka akakohoa, akafungua lugha nyingine, Python. Mstari mmoja tu, jina langu likatokea. Muhula uliofuata darasa lake lilianza na Python, na Java ikaja baadaye, mikono ikishazoea. Binti yangu alirudi.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 2010 na muuza rangi wa duka la chini. Kabla ya hapo alikuwa amepaka ukuta wa darasa mara nyingi kupita kiasi, hadi wifi akamuuliza, "Wewe mwalimu, unapaka ukuta au unanifuata mimi?"

Machi mwaka jana nilimwona anasimama katikati ya ngazi za chuo, akijifanya anasoma tangazo. Lilikuwa tangazo la zamani. Daktari akasema moyo umepanuka. 

Jumapili iliyopita mkurugenzi wa chuo alifika wodini. Alieleza kwamba waajiri wanaulizia Java, na mwalimu mpya ataanza nayo moja kwa moja. Marehemu alimshika mkono.

"Bosi, waache kwanza woga uwatoke. Java wataifikia."

"Wewe pona kwanza, mwalimu."

Mkurugenzi akaaga, akaondoka. Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 14 Mei 2026, asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mama, mjane, mwana mmoja, mimi dada yake, na wanafunzi wa darasa la wanaoanza, wale waliosimama pale nyuma. Jumatatu wanarudi darasani. Leo asubuhi binti yangu ameniuliza watafundishwa nini, nikamwambia nitamuuliza mkurugenzi. Nimeuona tena uso ule wa siku aliyojifungia.

Mkurugenzi, upo nasi hapa. Mdogo wangu hakulipata jibu lako. Tunakuomba watoto hawa walipate kabla hatujatawanyika.

Mungu ampokee kwa upole, ampe pumziko.